Diski ya Pili na Picha Zilizofunikwa

Usiku huu nimeketi sebuleni kwetu Kibokoni, Mombasa, nikiitazama kompyuta kuukuu iliyo chini ya meza, ambayo ndiyo seva ya tovuti yangu ya picha za Mji wa Kale. Diski yake ya ndani ni ya gigabaiti 120 tu, na picha za milango ya nakshi zilikuwa zimeijaza hadi hifadhidata ikakosa pa kuandika. Nilinunua diski ya nje ya terabaiti 2, nikaamua kwamba maandishi yabaki yalipo na picha zihamie huko.

Kuzinakili hakukunisumbua. Kilichonisumbua kwanza ni kwamba mfumo wa Linux ulikuwa umeipachika diski hiyo wenyewe, yaani kuiunganisha na saraka (folda) ili yaliyomo yaonekane humo, chini ya /media, ndani ya saraka yenye jina langu, na kila picha ikajibiwa kwa kosa la 403, yaani hakuna ruhusa. Nilikesha nikibadilisha ruhusa za picha zenyewe, kumbe nginx, programu inayowapelekea wageni kurasa za tovuti, haikuwa na ruhusa ya kupita katika saraka iliyo juu yake, mithili ya mgeni aliyefunguliwa chumba ilhali lango la ua limefungwa. Basi nikaipachika kwenye /srv/picha, nikaiandika katika /etc/fstab, faili yenye orodha ya diski za kupachikwa seva inapowaka, kwa UUID yake, yaani kitambulisho chake kisichobadilika, kwa kuwa jina kama sdb huweza kubadilika kompyuta inapowashwa upya. Nikaongeza pia neno nofail, ili seva iwake hata diski hiyo isipopatikana.

Neno hilo ndilo lililonipoteza, ingawa sijutii kuliweka. Wiki iliyopita umeme ulikatika, na uliporudi seva iliwaka bila diski ya nje. Saraka ya /srv/picha ilikuwapo vilevile, ila tupu, na mpwa wangu, asiyejua lolote, akapakia picha 43 za barabara ya Ndia Kuu, ambazo ziliingia kimyakimya kwenye diski ndogo. Nami nilikuwa safarini Malindi. Niliporudi nikaona picha za zamani hazionekani, nikachomoa waya, nikauchomeka tena, nikawasha upya. Za zamani zikarejea zote.

“Mjomba, na zangu je?” akauliza.

Zake zilikuwa zimetoweka. Nilihisi haya kwelikweli, maana kijana alikuwa ametembea juani mchana kutwa. Ilinichukua saa nzima kukumbuka kwamba diski inapopachikwa juu ya saraka haifuti kilichomo, bali hukifunika. Nikaisimamisha nginx, nikaibandua diski kutoka kwenye saraka hiyo, na picha zote 43 zikaonekana mahali pale pale zilipoachwa. Nilizihamisha kando, kisha, kabla ya kuirudisha diski, nikaifunga ile saraka tupu kwa amri ya chattr +i, inayozuia saraka isibadilishwe. Sasa diski ikikosekana, hata mwenye mamlaka yote ya mfumo hawezi kuandika humo kwa bahati mbaya, na anayepakia ataona kosa papo hapo badala ya kudanganywa.

Limebaki suala la nakala. Picha zimehama tu, hazijawa mbili, na hewa hii ya chumvi haivionei huruma vyuma. Diski ya tatu itasubiri mwisho wa mwezi. Kwa sasa mpwa wangu nimemwomba asifute chochote kwenye kamera yake.