Siku moja maishani mwangu: nasimama na wageni mbele ya michoro, Lubumbashi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi natoka Katuba, napanda basi kwenda mjini, kwenye jumba la michoro ninapofanya kazi. Kufikia saa mbili nimefagia, nimefuta vumbi kwenye fremu, nimefungua madirisha. Wanaonikuta na ufagio hudhani mimi ni mlinzi. Kazi yangu ni kusimama na mgeni mbele ya mchoro mpaka aanze kuuona.

Saa tatu wanafika wanafunzi. Nawapeleka kwenye mchoro wa Bela, mchoraji aliyepaka rangi kwa ncha za vidole bila brashi. Yeye, Pili Pili Mulongoy na Mwenze Kibwanga walikulia kisanaa katika karakana ambayo Mfaransa Pierre Romain-Desfossés aliianzisha hapa hapa mwaka 1946, mji ukiitwa Elisabethville. Watoto wanainua vidole hewani, wanaufuata mkono wake. Hawa hawanichoshi.

Saa tano akaingia baba mmoja, simu sikioni.

“Huyu Mwenze alichora nini? Mistari tu. Tablo hii ni bei gani?”

“Haiuzwi, baba. Simama kidogo.”

“Niambie maana yake kwa neno moja, niko na haraka.”

Nikamwonyesha mistari mifupi mifupi: mwilini imeelekea upande huu, nyuma ya mtu imegeukia kule, na hakuna pengo la jicho kupumzikia. Ndiyo maana hata mtu aliyetulia anaonekana kutetemeka. Simu ikalia, akatoka nje. Akarudi, akauliza bei. Nikaanza upya. Umeme ukakatika. Simu tena. Joto lilishapanda, miguu inawaka, na sikutaka kumwachia aondoke hivyo.

Nikamhamishia dirishani, penye “Colonie belge”, yaani Koloni la Ubelgiji, ya Tshibumba Kanda-Matulu, mchoraji aliyetumia hata kitambaa cha mifuko ya unga.

“Nani amelala?”

“Mfungwa.”

“Nani anampiga?”

“Askari. Mweusi mwenzake.”

“Na mzungu?”

Akasogea karibu kabisa. “Amesimama tu. Anatazama.”

Huzuni ya mchoro ule usiitafute usoni mwa mtu. Iko kwenye mpangilio: mmoja chini kifudifudi, mwingine wima, ametulia, na bendera ya Ubelgiji juu yao wote. Tshibumba alijua pa kumweka kila mmoja. Ule ni ufundi, na inaniuma watu wanapouita mchoro wa barabarani.

“Kwa babu, komuni ya Kenya hapa hapa mjini, ilikuwa sebuleni moja kama hii,” akasema. Simu ikalia, akaenda bila kuaga. Bukari yangu, ugali wa mchana, ilikwisha kupoa.

Mchana wageni wakaja na kuondoka, sikutazama saa. Mshahara ni mdogo na hauji kwa tarehe yake, lakini kwenye basi la kurudi nilikuwa napanga ya kesho. Inakuja shule nyingine, wadogo zaidi. Nitaanza na ndege na samaki wa Pili Pili, niwaulize wanaelekea upande gani.