Jumamosi ya mchango wa kwanza: wanawake wa Mwanza kwenye programu huria

Mabinti wa Mwanza hawahitaji warsha nyingine ya kuambiwa kwamba wanaweza. Wanajua. Wanachohitaji ni siku moja ambayo kila aliyekuja anatoka akiwa ametuma mchango halisi kwenye mradi halisi wa programu huria, yaani programu ambayo msimbo wake (maandishi yanayoiendesha) uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuuboresha, kisha awe na mtu wa kukaa naye majibu ya mradi yakifika.

Pengo lenyewe ni kubwa mno. Kwenye uchunguzi wa mwaka 2017 wa GitHub, mtandao ambako miradi mingi ya programu huria huhifadhiwa, wanaume walikuwa asilimia 95 ya waliojibu, wanawake asilimia 3, na wasiojitambulisha kama mwanamume wala mwanamke asilimia 1. Mwaka huohuo ulichapishwa utafiti uliopitia michango ya msimbo kwenye mtandao huo. Kwa ujumla kazi za wanawake zilikubaliwa zaidi kuliko za wanaume, ila kwa mgeni kwenye mradi ambaye wasifu wake ulionyesha wazi kuwa ni mwanamke, kiwango kilishuka. Kazi yao si mbovu, tatizo liko mlangoni, pale ambapo bado hujulikani. Ndiyo maana nashauri kundi zima lichague mradi mmoja au miwili na kubaki hapo kwa miezi, kuliko kila mtu kurusha mchango mmoja huku na mwingine kule.

Watu 12 na waelekezaji 3 wanatosha. Mwelekezaji mmoja akibeba zaidi ya wanne, kuna atakayekaa nusu saa akikodolea ujumbe wa kosa peke yake, na huyo harudi tena. Anzeni saa nne asubuhi, malizeni saa tisa alasiri, ili wa Kisesa na Buhongwa wapande daladala kungali kweupe. Mwenye mtoto aje naye, na tangazo liseme hivyo waziwazi, maana asipoona limeandikwa hataomba.

Akaunti zifunguliwe nyumbani kabla ya siku yenyewe. GitHub inadai uthibitisho wa hatua mbili kwa wanaochangia msimbo, kwa hiyo namba za akiba (recovery codes) zinazotolewa wakati wa kuuwasha ziandikwe kwenye daftari. Simu ikipotea bila hizo, kuirudisha akaunti ni shida kubwa. Halafu tangu Agosti 2021 paswedi haikubaliwi unaposukuma kazi kwa git, zana ya kutunza na kutuma mabadiliko ya msimbo; inatakiwa tokeni (neno refu la siri unalolitengeneza kwenye GitHub) au ufunguo wa SSH (faili la siri kwenye kompyuta yako). Anayeanza huandika paswedi yake sahihi, akakataliwa mara tatu, akaamini yeye ndiye hajui. Tengenezeni tokeni asubuhi, kabla hajagusa msimbo wowote.

Jambo linalopuuzwa kuliko yote ni barua pepe. Kila komiti, yaani rekodi moja ya mabadiliko, hubeba jina na anwani ya aliyeiandika, na historia ya mradi husomwa na dunia nzima. Kuifuta baadaye maana yake ni kuandika upya historia, na nakala zilizokwisha kuchukuliwa na watu hazitabadilika. Kwa mwanamke anayesumbuliwa mtandaoni hilo si dogo. Kwenye mipangilio ya barua pepe ya GitHub, washeni chaguo la kuficha anwani, mchukue ile inayoishia na users.noreply.github.com, kisha kila mmoja aandike kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri) <code>git config --global user.email</code> ikifuatiwa na anwani hiyo. Washeni pia chaguo la kuzuia komiti zinazoanika anwani halisi. Dakika kumi tu, lakini zifanyike kabla ya komiti ya kwanza.

Bando nalo lipangiwe. Watu 12 wakishusha repo kubwa (folda ya mradi pamoja na historia yake) kwa hotspoti moja, mchana unaishia hapo. Mwandaaji aishushe usiku wa kuamkia siku hiyo, aifungashe kwa <code>git bundle create mradi.bundle --all</code>, aigawe kwa flashi. Kila mmoja ata-clone (atachukua nakala) kutoka kwenye faili hilo, kisha aelekeze origin (anwani ambako kazi hutumwa) kwenye nakala yake ya GitHub kwa <code>git remote set-url</code>. Repo iwe kamili. Iliyoshushwa kwa <code>--depth 1</code> haina historia yote, na bundle yake itagoma kufunguka. Kwa wenye Windows angalieni alama zisizoonekana za mwisho wa mistari: kihariri kikizigeuza, marekebisho ya neno moja yataonekana kama faili zima limebadilika, na mtunzaji wa mradi atayakataa bila kusoma.

Kwa asiyeandika msimbo bado, OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, ni mlango mzuri, na kwetu una uzito wake. Mradi wa Crowd2Map Tanzania, ulioanza 2015, umechora vijiji vya Mara ili wanaowasaidia wasichana wanaokimbia ukeketaji wajue njia ya kuwafikia. Mwaka 2011, pendekezo la kuweka alama ya mahali pa kulelea watoto lilipigwa kura na wachangiaji wa OpenStreetMap likaangushwa, ingawa leo alama hiyo inatumika. Waliopo ndio huamua nini kinaonekana kwenye ramani. Anzeni na vilula vya maji, zahanati na chanja za dagaa za mtaani kwenu. Msinakili chochote kutoka Google Maps, leseni hairuhusu na kazi itafutwa.

Ila msiwaache wanawake kwenye ramani, tafsiri na maelezo ya matumizi milele. Kazi hizo ni za lazima, lakini anayeamua mradi uelekee wapi mara nyingi ni mwenye haki ya kuunganisha msimbo. Mchango wa tatu uwe wa msimbo, hata kama ni jaribio (test) moja la kuhakiki kwamba programu inafanya kazi.

Wiki mbili baadaye kutaneni tena, kila mtu na maoni aliyopewa. Maoni makali hukatisha tamaa akiyasoma peke yake usiku. Mkiyasoma pamoja mnaona lipi ni la msimbo na lipi ni ukorofi wa mtu.

Aliyezoea ajaribu Outreachy, mpango wa mafunzo kazini yenye malipo kwenye miradi ya programu huria: miezi mitatu ya kazi kutoka nyumbani, dola 7,000 kwa jumla, saa 30 kwa wiki, kwa aliyefikisha miaka 18. Maombi ya awali ya awamu ya Mei hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka, ya Desemba mwezi Agosti, na huulizwa maswali ya insha kuhusu ubaguzi uliokutana nao; yajibuni kwa mifano yenu, si kwa jumla. Ratiba ya chuo huangaliwa kwa makini, hivyo mwanafunzi apige hesabu ya masomo na mitihani kabla ya kuchagua awamu, na akaunti ya benki inayopokea fedha za kigeni aifungue mapema.