Kambi bila karatasi: nilivyofundisha bendi ya matarumbeta kwa sikio

Kabla ya kambi ile sikuwahi kumfundisha mtu wimbo bila kumpa karatasi. Tarumbeta nilijifunza kwa noti tangu utotoni, nikapiga kwenye bendi za gwaride kwa noti, na nilipogeuka mwalimu nikaendelea vivyo hivyo. Kwa hiyo nilipoombwa kuongoza kambi ya kiangazi ya siku 12, vijana 24 wa miaka 11 hadi 17, muziki wa bendi za mitaani za New Orleans, Marekani, na sharti likawa kwamba hakuna noti itakayoandikwa popote, nilikubali lakini usiku ule sikulala vizuri.

Sharti lenyewe nililielewa. Muziki huu umepokezanwa hivyo kwa miaka mingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mwanamuziki wa jazi Danny Barker aliwakusanya vijana wa kanisa la Fairview Baptist pale New Orleans akawafanya bendi, na kutoka kwenye kundi lile wakatoka wanamuziki waliouendeleza mtindo huo. Rebirth Brass Band, bendi ambayo leo inajulikana dunia nzima, ilianzishwa mwaka 1983 na vijana waliokuwa bado sekondari. Halafu kuna jambo la mdundo. Ukiuandika, noti zinaonekana zina urefu sawa. Ukiusikia kwa watu wanaotembea, si sawa hata kidogo. Kila moja inaegemea nyingine. Yule anayeusoma hupiga kilichoandikwa, na kilichoandikwa sicho.

Siku ya kwanza nilikosea. Nilichagua wimbo wa zamani wa kanisa wenye vipimo 16 vya mapigo manne manne, unaoanza do, mi, fa, so, nikasimama mbele yao na tarumbeta, nikapiga mstari mmoja na kusema, "Haya, nirudishieni." Wenye tarumbeta wakanirudishia vizuri mno. Wa tromboni wakabaki wananitazama. Nikapiga tena, na tena, mpaka nikagundua kwamba wale tisa wa tarumbeta hawakuwa wanasikiliza chochote: walikuwa wanatazama vidole vyangu. Nilikuwa nimeondoa karatasi nikaweka vidole mahali pake.

Kesho yake ala zote zilibaki ndani ya masanduku mpaka saa nne asubuhi. Tuliimba. Kwanza mstari wa besi peke yake, kwa sababu hapo ndipo wimbo unapokaa. Kisha sauti ya juu. Kisha makundi mawili yakaimba yote kwa pamoja huku tukitembea kuzunguka uwanja. Baadhi ya wavulana wakubwa waliona aibu kuimba. Sikuwalazimisha kufungua midomo, niliwaambia wavume tu. Wakishavuma sauti sahihi, wanachukua kile kikombe cha mdomoni peke yake, bila ala, na kuutetemesha mdomo mpaka wimbo utoke kwenye kikombe kile. Hatua hii ndiyo iliyoniokoa. Kwenye ala za shaba, vali zile zile, yaani vitufe vya kubonyeza kwa vidole, hutoa sauti nyingi tofauti, na mdomo ndio unaochagua ipi itoke. Mtoto ambaye hajaisikia sauti kichwani atabonyeza vidole sahihi na bado atatoa sauti nyingine.

Nilipopiga mfano tena, nilisimama nyuma yao.

Tatizo la pili lilikuwa majina. C ya mpiga tarumbeta kwenye noti husikika kama B flati, na ya saksafoni ya alto husikika kama E flati, wakati mpiga tromboni anaita kila sauti kwa jina lake la kwenye piano. Kwa karatasi unamgawia kila mtu yake na mambo yanaisha. Bila karatasi, ukisema "anzeni C" unapata fujo. Tukaacha herufi kabisa, tukatumia solfa ile ile ya kwaya, ambapo do ni nyumbani popote nyumbani palipo. Nyimbo tatu za kwanza nikaziweka zote nyumbani kwenye B flati, kwa sababu hapo tarumbeta na suzafoni, ile ala kubwa ya besi inayovaliwa mwilini, huanza bila kubonyeza vali, na tromboni huanza bomba lake la kuvuta likiwa limerudishwa ndani kabisa. Halafu vijana wenyewe wakavumbua kitu ambacho mimi, kwa miaka yangu yote ya noti, sikuwahi kukitazama hivyo: mi ni vali ya kwanza na ya pili, na kwa tromboni ni bomba kwenye nafasi ya nne, fa ni vali ya kwanza tu, na kwa tromboni ni nafasi ya tatu, so unarudi mwanzo. Kijana wa tromboni akawa anamtazama wa suzafoni na kujua aende wapi. Ndiyo, hapo walikuwa wanatazamana vidole tena. Lakini sasa walikuwa wameshaimba, kwa hiyo niliwaacha.

Wapiga ngoma walinipa kazi kuliko wote. Katika mtindo huu hakuna seti ya ngoma. Mmoja hubeba ngoma kubwa yenye toazi juu yake, mwingine hubeba ngoma ndogo ya nyuzi, na hao wawili lazima wawe mtu mmoja. Toazi hupigwa kwa waya, mara nyingi waya wa henga ya nguo uliokunjwa, na wetu tuliukunja sisi wenyewe. Aliyeshika ngoma kubwa alikuwa mzuri wa gwaride: moja, mbili, tatu, nne, kila pigo zito sawasawa. Nilimweleza kwamba hapa mkazo huangukia pigo la nne la kila kipimo cha pili, akaelewa, akashindwa. Nikamweleza tena kwa maneno mengine, akashindwa tena. Mwishowe mwenzangu aliyekuwa akifundisha ngoma alimvua mkanda, akamwambia atembee tu kwa mwendo wa kawaida na kupiga kofi pale anapotaka kuruka. Walitembea hivyo karibu nusu saa wawili peke yao. Waliporudi, kofi lilikuwa mahali pake, na ngoma ikalifuata. Nilijifunza kuacha kueleza.

Sauti za kati ndizo nilizoogopa zaidi, na ndizo zilizonipa furaha kubwa. Kila mtu anataka kupiga wimbo wenyewe. Hakuna anayekuja kambini kupiga sauti ya tatu. Kwanza niliwafundisha kusikia mabadiliko: wote wanaimba besi tu, na kila anayehisi tumehama nyumbani anainua mkono. Katika wimbo ule, vipimo sita vya mwanzo havitoki nyumbani, viwili vinavyofuata vinakwenda so, kisha unarudi, baadaye kidogo unapita fa. Kufikia siku ya nne mikono ilikuwa inapanda kwa pamoja. Kisha nikawapa wa tromboni kanuni moja: shika mi, ing'ang'anie, na ikianza kugombana na besi, sogea hatua moja tu, juu au chini, mpaka ugomvi uishe. Mara ya kwanza ilikuwa kelele. Mara ya tano hivi, saba wale walisogea pamoja bila mtu kuwaambia upande gani, na sauti iliyotoka nilikuwa nimewahi kuiandikia watu kwenye karatasi mara nyingi, lakini sikuwahi kumwona mtu akiipata.

Kulikuwa na msichana mmoja wa tarumbeta, msomaji mzuri wa noti kuliko wote, aliyeteseka. Siku ya tatu alinijia wakati wa mapumziko akaniambia, "Mwalimu, mimi bila kuona sijui niko wapi." Nilimwelewa kabisa maana hata mimi nilikuwa hivyo. Tukakubaliana kwamba anaweza kuandika usiku, lakini ule tu wimbo anaoweza tayari kuupiga. Akaandika siku mbili. Siku iliyofuata alikuja na daftari lenye kitu kingine: hakuandika wimbo, aliandika sauti alizokuwa akizisikia kwa wa tromboni nyuma yake. Sikio lake lilikuwa zuri muda wote, ila lilikuwa halijapewa kazi.

Jambo la midomo nilisimamia kwa ukali. Kujifunza kwa sikio kunamaanisha kurudia, na kurudia kwa ala za shaba kunaumiza misuli ya midomo upesi, hasa kwa wadogo wanaokandamiza kikombe usoni ili wafike juu. Kanuni yetu ilikuwa muda wa kupumzika ulingane na muda wa kupiga, na wakati wa kupumzika unaimba au unasikiliza. Aliyebisha nilimchukulia kikombe chake mpaka baada ya chakula cha mchana.

Siku ya tisa nilichelewa kutoka kwenye kikao. Nilipokaribia uwanja nikasikia wimbo ambao sikuwafundisha. Besi ilikuwa imara, ngoma zilikuwa zinaegemea vizuri, tromboni zilikuwa na kiitikio kifupi cha sauti mbili, na tarumbeta mbili bado zilikuwa zinautafuta mstari wa juu, zikikosea na kurudi. Nilisimama nyuma ya ukuta mpaka zikaupata. Nilipotokea nikauliza nani aliwafundisha. Kijana wa suzafoni, wa miaka 13, akasema waliusikiliza kwenye simu usiku. "Mimi nilianza besi tu, mwalimu. Wengine wakaingia."

Gwaride la siku ya mwisho lilikwenda vizuri, na wimbo wao ule ndio waliofungulia. Mwaka huu nimeombwa tena. Nimeshabadilisha mambo mawili: wapiga ngoma na suzafoni watafika siku mbili kabla ya wengine, ili wenye tarumbeta wakifungua masanduku wakute mdundo unatembea tayari, na tarumbeta yangu mimi nitaiacha nyumbani wiki nzima ya kwanza.