Gauni linalomtangulia mtu

Jumapili usiku, Chumbageni, Tanga

Mtoto wa dada yangu yuko kwangu tangu wiki iliyopita, na tangu afike jikoni kuna mizani. Usidhani ni ile ya mawe ya sokoni. Ni kidude bapa cha kioo kinachoenea kiganjani na kinasoma gramu moja moja. Asubuhi ya leo nilipika mbaazi za nazi na mkate wa kumimina, kama kawaida ya Jumapili. Akaweka bakuli juu ya kile kidude, akakirudisha kwenye sifuri, akapakua mbaazi, akatazama. Akarudisha kijiko sufuriani. Akatazama tena, akarudisha nusu kijiko. Lile tui zito la juu akalisukumia pembeni kwa mgongo wa kijiko, na mkate akakata kipande chembamba, nacho akakipima. Mama yangu, ambaye siku hizi haoni hata tundu la sindano lakini sahani ya mtu anaiona akiwa uani, akauliza:

"Mjukuu wangu, kwani huko Dar hawawalipi?"

"Wanatulipa, bibi. Ila si kwa kula."

Ni mwanamitindo. Hashindanii u-miss, anavaa nguo za wabunifu jukwaani na kwenye picha, na ndiyo kazi inayomlipia kodi ya chumba. Mtaani kwetu watu wanaamini kazi yake ni kuzaliwa mrefu, na kwamba mengine yote ni kutembea na kupigwa picha. Wangemwona alfajiri. Kabla jua halijatoka keshafunga kamba za raba, anashuka zake Raskazone kwa mbio, anarudi fulana imelowa kama ameingia baharini nayo. Wazee wa kahawa wana maoni yao kila akipita. Jioni anatandika mkeka ukumbini, analala kifudifudi, anajiinua kwa viwiko na vidole vya miguu tu, mwili wote umenyooka, anatulia hivyo hivyo mpaka jasho lidondoke kutoka puani. Anapumzika, anarudia. Akimaliza anavaa viatu vya kisigino kirefu na kwenda na kurudi ukumbini, khanga kiunoni, kitabu cha mahesabu yangu ya dukani kichwani. Hilo la kitabu nadhani analifanya kunichekesha tu.

Nayaheshimu haya yote. Mtu aliyekaa kwenye cherehani miaka mingi anaijua kazi ya mwili anapoiona. Kinachonikera kiko pengine.

Kila Jumatatu anatakiwa kutuma picha kwa wakala wake: nguo nyeusi ya kubana, nywele nyuma, uso bila hata poda, mbele, ubavu, mgongo. Na vipimo: kifua, kiuno, hipsi. Jana akanijia dukani Ngamiani, akaniambia, "Mama mdogo, nipime wewe, mkono wako haudanganyi." Nikachukua futi kamba. Nilipoifikisha kiunoni akavuta tumbo ndani bila kujijua. Nikamwambia apumue. Akapumua, lakini macho yalikuwa kwenye kidole changu kilichoshika namba, na nilipotaka kusogeza kidole akanishika mkono: "Subiri, nipige picha." Wateja wangu hufumba macho nikifika kiunoni, wengine huniomba nisiitaje namba kwa sauti. Huyu anaipiga picha anaituma.

Hipsi inapopimwa, futi kamba hupita pale palipojaa zaidi. Kwa majukwaa makubwa ya Ulaya na Marekani, msichana wa sentimita 175 hadi 180 hutarajiwa hipsi zisizidi sana 90. Nikambonyeza ubavuni kwa kidole gumba. Pale hakuna nyama ya kupunguza, pana mfupa. Hata ale majani, mfupa hautasogea. Akasema analijua hilo, na wakala analijua, na bado wanaandikiwa, "Angalia hipsi."

Nikataka kujua kwa nini iwe namba hiyo na si nyingine. Jibu alilonipa limenikaa kichwani kwa sababu ni la kifundi. Mbunifu hushona nguo ya maonyesho moja tu kwa kila mshono, na huishona kabla hajajua nani ataivaa. Baada ya jukwaa nguo ile ile inazungushwa kwa wapiga picha wa majarida, inavaliwa na huyu leo na yule kesho. Kwa hiyo wote lazima walingane. Mimi mteja akija, napima, nakata, nashona, anajaribisha, naachia pale, nabana hapa. Kitambaa kinamfuata mtu. Kwao gauni linatangulia, halafu anatafutwa mtu wa kulifuata. Usaili wote ule, foleni, picha za Jumatatu, ni kumtafuta mtu anayeingia kwenye nguo iliyokwisha shonwa. Na asipoingia, anayerudishwa kwa fundi si gauni.

Watu wamekufa kwa jambo hili. Agosti 2006, Luisel Ramos wa Uruguay alishuka jukwaani Montevideo akaanguka, moyo ukasimama. Alikuwa na miaka 22. Novemba mwaka huo huo akafariki Ana Carolina Reston wa Brazili, miaka 21, baada ya kuugua maradhi ya kujinyima kula. Katikati ya vifo hivyo viwili, wiki ya mitindo ya Madrid iliwakataa wanamitindo ambao uwiano wao wa uzito na urefu ulikuwa chini ya 18. Hesabu yake ni kilo kugawa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Kwa msichana wa mita 1.78, 18 ni kilo 57. Shirika la Afya Duniani huanza kuhesabu uzito wa kawaida kwenye 18.5, maana yake hata mlango ule wa Madrid ulikuwa bado umewekwa chini. Ufaransa nayo tangu 2017 inadai cheti cha daktari kabla mwanamitindo hajafanya kazi, na wakala akimwajiri asiye nacho anaweza kutozwa faini ya euro 75,000 na kufungwa miezi sita. Picha ya tangazo iliyochezewa kwenye kompyuta kumpunguza au kumnenepesha mtu lazima iandikwe kwamba imerekebishwa. Ila lililonifurahisha mimi ni la mwaka huo huo: makampuni ya LVMH na Kering, yenye majumba makubwa ya mitindo, yalikubaliana kuacha kuwatumia wanawake wa saizi 32 ya Kifaransa, ambayo ni ndogo mno kwa mtu mzima. Hapo angalau mtu aligusa nguo.

Mwanangu anazo pia hadithi za wakubwa. Adriana Lima, mwanamitindo maarufu wa Brazili, alisimulia mwaka 2011 kwamba siku tisa kabla ya onyesho la Victoria's Secret, kampuni ya nguo za ndani, hali chakula kigumu, anakunywa protini tu, na saa kumi na mbili za mwisho hanywi hata maji. Kelele zikawa nyingi, baadaye akasema wasichana wadogo wasimwige. Mwanangu alinieleza yanavyofanya kazi maana aliwahi kuyajaribu kwa kiasi. Wanga tunaokula huhifadhiwa mwilini pamoja na maji, karibu gramu tatu za maji kwa kila gramu. Ukiacha wali na ugali kwa siku chache, maji yale yanatoka, mizani inashuka haraka, watu wanakupongeza. Mafuta hayajaguswa. Ukirudia sahani moja ya wali maji yanarudi na kilo zinarudi.

Watu wa mji huu njaa tunaijua. Tunafunga Ramadhani nzima na jua hili la pwani, na hakuna anayetuhurumia. Lakini swaumu ina adhana ya magharibi, ina tende, ina muhogo wa nazi na tambi vimeshafunikwa kwa kawa vinasubiri. Ile njaa ya kwao haina wa kuiadhinia.

Juzi usiku, mama amelala, nikamuuliza mambo ya kike. Akanyamaza kwanza. Kisha akasema mwaka jana damu ya mwezi ilikata, miezi ikapita. Aliyekuwa akimsimamia wakati ule alikuwa akimsifu kwa vipimo vyake. Daktari ndiye aliyemwambia kwamba mwili ukifanyishwa kazi nyingi kwa chakula kidogo huanza kuzima baadhi ya shughuli zake, na uzazi huwa miongoni mwa za mwanzo. Homoni ya estrojeni ikishuka, mifupa nayo inaanza kudhoofu. Binti wa miaka ishirini na kitu, mifupa ya bibi. Akamwacha yule msimamizi. Sasa ana mtaalamu wa lishe, na damu imerudi. Kumbe kile kidude cha jikoni nilichokuwa nakikunjia uso kina namba mbili: ya juu, na ya chini asiyoruhusiwa kushuka. Zile mbaazi zimo kwenye karatasi ya mtaalamu. Hata mkate umo. Nidhamu ile ile, anayeisimamia tu ndiye mwingine.

Sisi nasi tusijifanye wema. Mwari wa pwani huwekwa ndani, akasuguliwa singo, akafukizwa udi, akalishwa, jua asilione, na siku ya kutolewa ukumbi mzima wa wanawake unampitia kwa jicho kuanzia visigino: ngozi, mikono, kiuno, makalio. Akiwa mwembamba utasikia mama mkwe kaletewa mgonjwa. Flaviana Matata wa kwetu Tanzania alipopanda jukwaa la Miss Universe mwaka 2007 kule Mexico na kichwa kimenyolewa upara, akaingia kumi bora, saluni za hapa zilizungumza habari za kile kichwa kuliko za kumi bora. Jana mwanangu amepita dukani kwangu, mteja wangu mmoja akamshika mkono, akamgeuzageuza: "Yarabi, umekauka! Una nini?" Ujumbe wa kumtaka aangalie hipsi alikuwa ameusoma saa moja kabla. Alimwamkia yule mama shikamoo, akatabasamu, akaja kukaa nyuma ya cherehani yangu, akaanza kuokota vipande vya uzi sakafuni ambavyo sikumwomba aviokote.

Mimi siwezi kuwaambia wabunifu wa Paris la kufanya. Ila najua gharama. Ukishakuwa na pateni ya karatasi, kuipandisha saizi mbili ni kazi ya jioni moja: unaongeza ubavuni, unafuata kwapa, unashusha pindo. Kitambaa kinachoongezeka kwenye gauni moja hakifiki hata nusu mita. Wanaoshona gauni la bei ya nyumba ya Makorora hawashindwi na nusu mita. Nilipomwambia hivyo akacheka, akasema nikaombe kazi huko.

Kesho anapanda basi, Alhamisi ana usaili Dar. Nimemfungia ndizi na samaki wa kuchoma, kavipima mwenyewe, sikusema neno. Gauni lake la harusi ya binamu yake nitalishona akishaondoka, nimemwachia sentimita tatu za akiba kila ubavu, na kwa hilo tumegombana kidogo. Akimaliza usaili atanipigia. Nimemwambia anieleze habari zote anazotaka, ila akinitajia namba ya hipsi nakata simu.