Hewa au udongo?

Tangu Jumanne sijatulia. Mama kahamia kwa kaka, mtihani wa takwimu nimeuvuka, harusi ya Zai imeahirishwa tena, lakini kichwani ni yule mzee wa kituo cha hali ya hewa tu.

Nilimpelekea ramani yangu ya joto la kawaida la Dodoma, mnaijua, ile ya picha za setilaiti niliyoikesha mwezi mzima. Nikamwonyesha Oktoba, saa saba mchana: nyuzi 46. Akavua miwani, akafunua daftari lake. Wastani wa joto la juu la Oktoba, 31. Kisha, taratibu kabisa: "Binti, hicho chombo chako kinapima hewa au kinapima udongo?"

Nikajibu, "Mzee, huwa tunarekebisha kwa modeli."

Tunarekebisha kwa modeli! Nimelirudia jibu hilo bafuni, kwenye daladala, nikikata vitunguu. Namwambia hivyo mtu aliyeanza kufungua kile kibanda cheupe cha vipimajoto kabla sijazaliwa. Naye akasema "haya" tu. Hiyo "haya" ndiyo inayoniuma.

Maana amesema kweli. Infraredi, yaani mionzi ya joto, inayoifikia setilaiti imetoka kwenye ngozi ya ardhi. Hewa ya kwenye daftari imepimwa kivulini, kama mita moja na nusu juu. Aliyewahi kuvuka uwanja wa mchanga peku saa saba mchana hahitaji kuelezwa. Tena wingu likitanda, setilaiti haioni ardhi, kwa hiyo "kawaida" yangu ni ya siku za jua tu. Na MODIS, chombo kilichomo kwenye setilaiti ninazotumia, kilianza kuleta data mwaka 2000, wakati "kawaida" ya watu wa hali ya hewa, yaani wastani wa 1991 hadi 2020, inadai miaka 30 kamili.

Jana usiku, kwa hasira, nikachukua picha za Aqua, mojawapo ya setilaiti hizo, za usiku peke yake, zile za saa saba na nusu, nikaziweka kando ya joto la chini la kituo. Tofauti nyuzi mbili, wakati mwingine moja na nusu! Jua likishazama, ardhi na hewa hupatana. Nikacheka kwa sauti hadi jirani akagonga ukuta. Na kule katikati ya vituo, ambako hakuna kipimajoto hata kimoja, mimi nina namba kwa kila kilomita.

Kesho namrudia. Naanza na shikamoo, modeli baadaye.

Ila hii luku. Nimeweka ya elfu kumi Ijumaa, leo inalia tena. Humu ndani nani anawasha nini?