Anza na kipengele cha tatu

Nafundisha watu wazima wanaojiandaa kwa IELTS, mtihani wa kupima Kiingereza, ule wa aina ya General Training ambao wengi huufanya kwa ajili ya kuhamia nchi nyingine au kutafuta kazi huko. Jioni nasahihisha barua zao. Mashine iliyoharibika, jirani mwenye kelele, begi lililosahaulika kwenye treni, nimeyasoma yote. Na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba mara nyingi Kiingereza chao kinatosha. Kinachowaangusha ni kuandika bila kumfikiria mtu atakayeipokea barua hiyo mezani kwake.

Kwa asiyeufahamu mtihani huu: sehemu ya uandishi ina saa moja na kazi mbili. Ya kwanza ni barua ya maneno yasiyopungua 150, ambayo unashauriwa uitengee dakika 20 hivi. Ya pili ni insha ya maneno yasiyopungua 250, nayo ina uzito mara mbili ya barua. Kwa sababu hiyo watu hujiambia barua ni jambo dogo. Sikubaliani nao hata kidogo. Chukua mtu anayeomba kuhamia Kanada kupitia Express Entry, mfumo wa nchi hiyo wa maombi ya wahamiaji wenye ujuzi: akipata alama 6 kwenye uandishi anahesabiwa CLB 7, yaani ngazi ya 7 katika vipimo vya lugha vya Kanada, akipata 6.5 ni CLB 8, na akipata 7 anaruka hadi CLB 9. Mwenye kupungukiwa na nusu tu hana cha kudharau.

Sasa swali lenyewe. Linaeleza hali fulani, kisha linatoa vipengele vitatu vya kuandikia. Hili hapa nimewatungia wanafunzi wangu: umenunua mashine ya kufulia nguo na ina hitilafu; mwandikie meneja wa kampuni iliyokuuzia; eleza ulichonunua, eleza tatizo, kisha sema ungependa afanye nini. Wengi humwaga aya ndefu kwenye kipengele cha kwanza, kwa kuwa ndicho chepesi. Cha pili wanakijaza hasira. Wakifika cha tatu muda umewabana, wanaandika "Please help me" na kufunga barua. Meneja asaidie vipi? Arudishe fedha? Alete mashine nyingine? Amtume fundi? Amesoma barua nzima na bado hajui atoe agizo gani.

Ndiyo maana nawaambia waanze na kipengele cha tatu. Kwenye barua yenyewe kibaki mahali pake, lakini kichwani, au kwenye karatasi ya rafu, kitangulie. Andika sentensi moja ya ombi lako: "I would be grateful if you could send a replacement or refund the full amount by the end of this month." Ukishakuwa nayo, barua iliyobaki inajipanga. Tarehe ya kununua inahitajika, kwa kuwa meneja ataitafuta kwenye kumbukumbu zake. Namba ya risiti inafaa. Habari ya namna ulivyohangaika kuchagua rangi haimsaidii kitu, iache. Na tarehe na namba hizo unazibuni mwenyewe. Msahihishaji hapimi ukweli wa kisa chako.

Mwanafunzi wangu mmoja ni fundi umeme. Barua zake za mwanzo zilikuwa na maneno makubwa aliyoyakariri kwenye orodha, yale ambayo watu huambiwa yanaleta alama. Nikamwomba aandike kuhusu ile mashine kama anavyomweleza fundi mwenzake. Akaandika: "The door lock releases before the rinse cycle begins, so water leaks onto the floor." Nilifurahi mno. Hakuna neno la kifahari hata moja, lakini kila neno limekaa panapostahili, na meneja anaiona ile hitilafu kwa macho yake. Msamiati unaopewa alama ni huo, ulio sahihi kwa jambo linalosemwa. Sifa tupu kama "terrible" na "horrible" zikirudiwa mara nne hazimwonyeshi mtu chochote.

Kuhusu sauti ya barua, vigezo vya usahihishaji viko wazi na vimewekwa hadharani. Ili kufika bendi ya 7, yaani alama ya 7, lengo la barua linatakiwa lieleweke na sauti iwe ya kufaa, isiyoyumba. Kuyumba ndiko ninakokuta zaidi. Mtu anaanza na "I am writing to express my dissatisfaction", mistari miwili mbele anaandika "you guys don't care". Hasira ya kweli inaruhusiwa, ila iseme kwa matukio: nilipiga simu Jumatatu, nikaahidiwa jibu, halikuja. Meneja akisoma hayo ataona uzito wake bila kutukanwa. Vifupisho kama "don't" na "I'm" viandike kwa urefu wake, navyo vitakusaidia kubaki kwenye sauti hiyo hiyo.

Upo pia upole unaozidi. Sisi tuliozoea "Husika na kichwa cha habari hapo juu" na "Kwa heshima na taadhima" huhamishia heshima hiyo kwenye Kiingereza, na ombi linazama chini ya sentensi tatu za unyenyekevu. Heshima ya barua ya Kiingereza imo ndani ya kitenzi: "could you", "I would appreciate". Inatosha.

Salamu na kuaga havihitaji kukuumiza kichwa. Ukianza na "Dear Sir or Madam", funga na "Yours faithfully". Ukianza na jina la mtu, funga na "Yours sincerely". Anwani huandiki, maelekezo yenyewe yanasema hivyo. Na ni "I look forward to hearing from you", si "to hear".

Dakika mbili au tatu za mwisho ndizo ninazowagombania zaidi, maana wengi huzitumia kuongeza sentensi badala ya kukagua. Wakati huo pitia nomino moja moja ukitafuta "a" na "the". Lugha yetu haina vitu hivi, kwa hiyo hata wanafunzi wangu wazuri huvidondosha. Kanuni ni nyingi, lakini kwenye barua swali moja linakufikisha mbali: je, meneja anajua tayari ni kipi ninachokisema? Mara ya kwanza hajui, kwa hiyo "I bought a washing machine". Kuanzia sentensi inayofuata anajua, kwa hiyo "the machine", na "the door" yake, na "the receipt" uliyoiambatisha. Fundi wangu sasa hukagua kwa kidole, nomino kwa nomino, na makosa hayo yamebaki machache sana kwenye barua zake.