Kutu inayojificha kwenye shakeli

Asubuhi yote nimekuwa na shakeli zangu. Nimezitandaza juu ya turubai, pini zote nimezifungua, ndoo ya maji safi iko karibu. Kwa msomaji ambaye hajawahi kuvutwa matopeni: shakeli ni kile chuma kinene kilichopindwa kama upinde, chenye pini ya hesi inayopita upande hadi upande, kinachounganisha kamba ya kuvutia na gari lililokwama. Kinaenea kiganjani, lakini uzito wa gari zima, pamoja na tope lililoling'ang'ania, hupita hapo. Kikikatika kamba ikiwa imekaza, huruka kwa kasi ya kuua mtu. Ndiyo maana sioni taabu kukitumikia nusu siku.

Kutu ninayoiona hainitishi sana. Lile doa la hudhurungi mgongoni mwa upinde, pale mawe yalipokwangua rangi, nalisugua kwa brashi ya waya, nalipaka, mambo yamekwisha. Ninayoiogopa ni ile iliyojificha: ndani ya hesi, chini ya rangi iliyovimba, nyuma ya mpira uliovishwa shakeli ili isipige kelele kwenye bampa. Kwa hiyo leo sijahangaika kuzing'arisha. Nilichotaka ni kila sehemu ya chuma ifikiwe na jicho langu.

Ya bampa ya mbele ndiyo iliyonipa kazi. Pini ilizunguka kidogo kwa mkono, ikagoma. Nikapitisha bisibisi nene kwenye tundu la pini, nikaisukuma taratibu. Ikalia, kisha ikaachia. Ilipotoka niliishika juani nikaitazama kwa makini. Katikati ya meno ya hesi kulikuwa na tope jembamba la rangi ya matofali: mchanga laini, grisi kuukuu na unga wa kutu, vyote vimegandamana. Kwa nje shakeli hiyo ilikuwa safi kabisa, rangi inang'aa.

Sababu yake inaeleweka. Chuma hushika kutu kikikutana na maji na hewa kwa pamoja, na hesi ni mwanya mwembamba unaonyonya maji haraka na kukauka mwisho wa yote. Maji yakiwa na chumvi ndiyo balaa, kwa kuwa hupitisha umeme vizuri zaidi, na kutu ni kazi ya umeme mdogo unaozunguka juu ya chuma chenyewe. Kisha kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Ndani ya hesi haina pa kwenda, hivyo huibana pini hadi inagoma. Na kuna hatari nyingine ambayo watu hawaisemi vya kutosha: pini iliyojaa uchafu hukaza mapema. Mkono unakudanganya kwamba imefika mwisho, kumbe bega la pini bado halijagusa upinde na hesi haijashika yote. Gari linavutwa likiwa limeshikiliwa na meno machache tu.

Siku ile ile ya safari, kabla sijalala, hufungua pini na kumimina maji safi hadi yatoke meupe. Baada ya kupita kwenye maji ya chumvi sina mjadala kuhusu hilo, hata niwe nimechoka vipi. Halafu huzikausha kwa kitambaa na kuziacha wazi hewani, pini kando. Kuosha shakeli iliyofungwa ni sawa na kuisukumia hesi maji ya kuinyonya usiku kucha.

Kuhusu rangi nina msimamo. Naipenda shakeli iliyochovywa kwenye zinki kuliko ile yenye rangi nene ya kupendeza. Mfaransa Stanislas Sorel alipata hataza ya kuchovya chuma kwenye zinki iliyoyeyuka mwaka 1837, na hadi leo kazi hufanyika vivyo hivyo, zinki ikiwa na joto la nyuzi 450 hivi za Selsiasi. Uzuri wake ni kwamba zinki huliwa kwanza badala ya chuma. Hata ikikwaruzwa kidogo, zinki iliyo jirani huendelea kukilinda chuma kilichobaki wazi. Rangi ya unga iliyookwa hulinda ikiwa nzima tu. Ikichubuka, maji hupenya chini yake na kutu hutambaa mahali usipoiona mpaka rangi ivimbe. Tena hufukia maandishi. Shakeli ya robo tatu ya inchi kwa kawaida huwa na alama ya tani 4.75, mzigo unaoruhusiwa kazini. Mimi siifungi kwenye gari shakeli ambayo alama yake siisomi, iwe imefichwa na rangi au imeliwa na kutu.

Za chuma kisichoshika kutu sizipendi sana kwa kazi hii. Hesi zake zina tabia ya kushikana zenyewe zikikazwa, na nyingi huandikiwa mzigo mdogo kuliko za kawaida za ukubwa ule ule.

Mwenzangu ninayesafiri naye alipita akaniona nasugua. "Kaka, unajitesa bure. Zitie kwenye siki usiku kucha, asubuhi zinatoka mpya." Nilimjibu kwamba siki inaondoa kutu kweli, lakini asidi inapokila chuma hutoa haidrojeni, na haidrojeni ikiingia kwenye chuma kigumu inaweza kukifanya kiwe cha kuvunjika ghafla bila kupinda kwanza. Kadiri chuma kilivyo kigumu ndivyo hatari inavyokua. Isitoshe, siki hiyo hiyo inaila zinki. Kwa bawaba ya geti sina neno, lakini kwa kitu kinachobeba uhai wa watu walio karibu na kamba, nasugua kwa mkono. Na moto wa gesi ndio kabisa siusogezi karibu, hata pini igome namna gani: nguvu ya shakeli imetokana na kupashwa moto na kupozwa kwa kipimo kiwandani, na kuiunguza tena ni kuiharibu.

Mafuta nayo yana mahali pake. WD-40, iliyotengenezwa mwaka 1953, jina lake linatokana na kazi ya kuondoa maji. Hiyo kazi inaifanya vizuri, na kulegeza pini iliyogoma pia, ila utando unaobaki ni mwepesi. Baada yake kwenye hesi napaka grisi kiasi, napitisha pini mara kadhaa, kisha nafuta yote inayotoka nje ibaki ile iliyoingia kwenye mifereji tu. Grisi inayoonekana hukusanya mchanga, na mchanga ndani ya grisi husaga. Mwili wa upinde naupaka lanolini, yale mafuta ya sufi ya kondoo, kisha nasugua kwa kitambaa hadi pasiwe na utelezi. Pale kamba inapokaa sipaki kitu. Napapasa kwa kidole tu. Pakikwaruza ngozi patakwaruza kamba ya nyuzi pia, na kamba hizo hukatwa na chuma chenye kutu kuliko watu wanavyodhani.

Mpira wa kuzuia kelele nimeuvua na sitaurudisha. Chini yake kulikuwa na pete nzima ya kutu. Kelele nitazimaliza kwa kuivua shakeli yenyewe na kuiweka ndani ya gari, kwenye mfuko wa turubai unaopumua, mbali na kamba iliyolowa.

Moja imestaafu leo. Nilipoisugua kutu kwenye kitako cha upinde, chini yake kukatokea vishimo, na vishimo ni mwanzo mzuri wa ufa. Nikapima kwa kalipa. Upinde wa robo tatu ya inchi una unene wa milimita 19, na kanuni inayofuatwa ni kwamba ukipungua kwa asilimia 10 shakeli haifai tena. Yangu ilisoma chini kidogo ya 17. Nimeikata pini kwa msumeno ili asije mtu akaiokota kwenye vyuma chakavu akaifunga kwenye gari lake. Upinde uliobaki pia nimeukata, kwa kuwa kuna wanaochukua pini ya shakeli nyingine na kuipachika.